Mtandao wa nyumbani: faili na printa za pamoja bila kununua mega

Utangulizi

Neno "mtandao" lina asili katika kitenzi -tanda, yaani kuenea na kufunika eneo. Wingu hutanda angani. Utando wa buibui nao umetoka kwenye shina hilohilo. Lakini siku hizi maana ya neno imesinyaa. Mtu akisema "mtandao hakuna", tunaelewa kwamba intaneti imekatika au mega zimekwisha. Kusinyaa huku kunatugharimu fedha. Katika nyumba wanamopanga wanafunzi wanne, wenye kompyuta nne na printa moja, faili bado inatumwa kwa WhatsApp kutoka chumba hadi chumba, au inabebwa kwa flashi pamoja na virusi vyake. Somo hili linaonyesha kwamba kompyuta hizo zinaweza kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe, bila mega hata moja.

1. Hesabu

Tuchukue mfano wa sauti, maana ndiyo mali ya watu wa lugha. Rekodi ya WAV ya sterio, yenye sampuli 44 100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, huchukua megabaiti 10 na kidogo kwa dakika. Mahojiano ya saa moja hufika megabaiti 635 hivi. Ukimtumia mwenzako kwa intaneti, wewe unalipa 635 za kupandisha, naye analipa 635 za kushusha: jumla 1 270. Kwa kebo ya mtandao wa ndani yenye kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, faili hiyohiyo hupita kwa muda wa dakika moja hivi, na hakuna anayekatwa salio.

2. Vifaa

Kinachohitajika ni ruta, hata ile ya zamani isiyounganishwa na intaneti. Kazi yake nyumbani ni kuzipa kompyuta anwani na kupitisha data kati yao. Mara nyingi anwani hizo huanza na 192.168. Waraka wa mwaka 1996 uitwao RFC 1918 umezitenga kwa mitandao ya faragha, ndiyo sababu nyumba nyingi duniani hutumia anwani zilezile bila kugongana. Kompyuta huunganishwa kwa Wi-Fi au kwa kebo; kipande kimoja cha kebo kisizidi mita 100.

Umeme ukikatika, kompyuta za mkononi huendelea, lakini ruta huzimika. Soma volti kwenye adapta yake: ukipata betri ndogo inayotoa volti hizohizo, kazi haitasimama.

3. Hatua za kazi (Windows)

Kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zimewekwa katika Kifaransa, tunataja maneno kama yanavyoonekana kwenye skrini. Tuseme printa na folda ya pamoja ziko kwenye kompyuta ya chumba cha kwanza.

a) Unganisha kompyuta zote kwenye ruta moja. Katika "Paramètres", chagua "Réseau privé". Kwenye "Réseau public" kompyuta hujificha, na wenzako hawataiona.

b) Katika "Paramètres de partage avancés", washa ugunduzi wa mtandao na ushirikishaji wa faili na printa.

c) Ipe kompyuta jina fupi, lisilo na nafasi wala alama juu ya herufi: CHUMBA1.

d) Kwenye CHUMBA1, fungua akaunti ya wenzako, kwa mfano "wenzangu", na uiwekee nenosiri. Hapa ndipo wengi hukwama: kwa kawaida Windows haipokei kupitia mtandao akaunti isiyo na nenosiri, wala PIN haitumiki mahali pa nenosiri.

e) Tengeneza folda "Pamoja". Ibofye kwa kitufe cha kulia, fungua "Propriétés", kisha "Partage", kisha "Partager". Chagua akaunti "wenzangu" na uamue: "Lecture" kwa kusoma tu, au "Lecture/écriture" kwa kusoma na kubadilisha.

f) Kwenye kompyuta nyingine, fungua folda yoyote na mahali pa anwani uandike \\CHUMBA1. Ukiulizwa, andika CHUMBA1\wenzangu na nenosiri. Jina likikataa, andika ipconfig katika "Invite de commandes" ya CHUMBA1, soma "Adresse IPv4", na utumie namba hiyo badala ya jina.

g) Kwa printa, fungua "Propriétés de l'imprimante", "Partage", na uweke alama kwenye "Partager cette imprimante". Wenzako wataiona ndani ya \\CHUMBA1. Kompyuta hiyo lazima iwe imewashwa na isilale. Printa yenye Wi-Fi yake yenyewe haihitaji hatua hii.

4. Ruhusa na usalama

Weka TFC yako katika "Lecture" ili mwenzako asifute sura kwa bahati mbaya. Rekodi za mahojiano zibaki nje ya folda ya pamoja: mzee aliyekusimulia maisha yake alikuamini wewe, si nyumba nzima. Aidha, folda ya pamoja si nakala ya akiba. Diski ya CHUMBA1 ikiharibika wiki moja kabla ya kuwasilisha, wote mmepoteza. Kila jioni, nakili kazi yako kwenye kompyuta ya pili. Mtandao huu unalirahisisha jambo hilo.

Mwisho, usiwashe itifaki ya zamani SMB1 ili tu kompyuta kuukuu iingie. Mwezi Mei 2017 kirusi WannaCry kilienea katika nchi nyingi kupitia udhaifu wa itifaki hiyo.

5. Samba

Kompyuta ya Linux nayo inaweza kujiunga kwa programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell nchini Australia mwaka 1992. Alipohitaji jina jipya, alitafuta katika orodha ya maneno lile lenye herufi s, m, b kwa mfuatano huo. Aliyesoma mizizi ya konsonanti ya Kiarabu atatabasamu.

Mazoezi

1. Rekodi ya mono ya dakika 30, yenye sampuli na biti zilezile, ina megabaiti ngapi?

2. Mwenzako anaiona CHUMBA1 lakini nenosiri lake linakataliwa. Taja sababu mbili zinazowezekana.

3. Kitenzi cha Kifaransa "partager" kinabeba maana ya kugawa na ya kutumia pamoja. Mkate ukigawanywa hupungua; faili haipungui. Pendekeza istilahi ya Kiswahili kwa "partage de fichiers" na uitetee.