Somo la Mwezi: Mtu Ajaye kwa Jina la Mwingine

Someni kwanza Mwanzo 27, kisha rudini kwenye somo hili.

Mzee Isaka hakuwa mjinga. Alishuku. Aliuliza mawindo yamepatikanaje upesi hivyo. Alisikia kwamba sauti si ya Esau. Akampapasa mwanawe, akanusa mavazi yake. Hata hivyo alidanganyika. Kwa sababu gani? Kwa sababu alimpima mgeni kwa vitu vile vile alivyokuja navyo mgeni: ngozi za wana-mbuzi, nguo za nduguye, na chakula kitamu. Jambo moja hakulifanya: hakutuma mtu kumtafuta Esau. Hilo moja lingalitosha.

Tangu mwaka 2008, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza kwetu Tanzania, akiba za wengi wetu hazikai tena sandukuni. Twashukuru, maana ada ya mtoto aliye mbali yafika kwa dakika moja. Lakini mwizi naye hana haja tena ya kuvunja mlango. Hutwaa jina la mtu, kisha hupiga hodi.

Sisi wenyewe twalijua jambo hili. Mtu asiyejulikana aliwaandikia washarika wetu kwa jina letu, akisema tumeugua safarini na twahitaji msaada upesi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema, akatuma shilingi 80,000 saa ile ile. Alipotambua kwamba ameibiwa, aliona haya, akanyamaza majuma matatu. Katika majuma hayo wengine wawili walitumiwa maneno yale yale, nao wakatoa.

Basi tuzijue njia zao.

Kwanza, ni ujumbe usemao, "Ile fedha itume kwa namba hii." Mwizi huwapelekea watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao hakosi mmoja aliyekuwa kweli akitaka kumtumia mtu fedha saa ile.

Pili, waletewa ujumbe unaofanana na ule wa kampuni, kwamba umepokea fedha. Kisha mtu apiga simu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Usiutazame ujumbe, tazama salio lako. Hata kama fedha zimeingia kweli, mwambie aende kwa kampuni yake, irudishe yenyewe.

Tatu, ni mtu ajiitaye mfanyakazi wa kampuni, naye ataka namba yako ya siri. Namba hiyo haambiwi mtu: si wakala, si mfanyakazi, wala si mchungaji.

Nne, ni wizi wa jina lenyewe. Tangu Mei 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya Kitambulisho cha Taifa. Msajili asiye mwaminifu aweza kusema, "Kidole hakikusoma, weka tena," kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kuiba, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Bonyeza *106# utazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda kwa kampuni ya laini hiyo ifungwe.

Njia ni nyingi, lakini kinga yao ni moja: usimpime mgeni kwa ishara alizokuja nazo. Kata simu. Kisha piga wewe, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa ile uliyoletewa. Ukimkosa mwenyewe, uliza wa nyumbani mwake. Ukiwakosa wote, ngoja. Haja ya kweli huweza kungoja nusu saa; ya uongo huogopa kungojewa. Haraka haraka haina baraka.

Na kama umekwisha kuibiwa, piga simu kwa kampuni mara moja, labda fedha zitazuiliwa kabla hazijatolewa. Toa habari polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kujifanya mtu mwingine kuwa kosa. Namba ya mwizi itume kwa 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Kisha waambie jirani zako. Isaka alipotambua, alitetemeka sana. Lakini hakuficha, alimwambia Esau papo hapo kwamba amedanganywa. Mzee wetu naye mwishowe alisimama mbele ya usharika akaeleza yote. Tangu siku ile, ujumbe kama huo ukifika, watu hutupigia kwanza. Aibu ni ya mwizi, wala si ya aliyeibiwa.

Maswali ya kuzungumza:
1. Isaka alipima kwa njia ngapi, na kwa nini hazikumfaa?
2. Nani nyumbani mwako hajui kusoma ujumbe wa simu, naye humsaidia nani?
3. Usharika wetu ufanye nini ili aliyeibiwa asiogope kusema?