“Balimutosha”: Ni Nani Aliyemtoa?
Somo fupi juu ya kiambishi ba- na siasa ya MPR

1. Neno lenyewe

Hapa Lubumbashi, katika mitaa ya komini ya Kenya, waziri aliyepoteza cheo husimuliwa kwa neno moja: balimutosha. Mgeni aliyejifunza Kiswahili sanifu atakwama mara mbili. Kwake, kutosha ni kuwa kiasi kinachohitajika. Kwetu ni kutoa, yaani kumfanya mtu atoke. Tena atangojea umbo la kutendwa, alitolewa. Sisi katika mazungumzo hupendelea ba- (wa- ya sanifu), hata tusipokuwa na watu fulani akilini. Nadai kwamba ba- hiyo, tukisimulia siasa ya Mobutu, inaficha mtendaji.

2. Nguz Karl-i-Bond

MPR ilianzishwa mwaka 1967. Kwa katiba ya 1974, chama na dola vikawa kitu kimoja, na kila Mzaire akawa mwanachama. Kutolewa hakukuwa kunyang’anywa kadi tu.

Tumtazame Nguz Karl-i-Bond, mtoto wa Katanga. Mwaka 1977, baada ya vita vya kwanza vya Shaba, alitoka katika uwaziri wa mambo ya nje akaingia gerezani, akahukumiwa kifo kwa uhaini. Mwaka uliofuata aliachiliwa. Mwaka 1980 akawa waziri mkuu. Mwaka 1981 alikimbilia Ubelgiji na kumshambulia Mobutu hadharani. Mwaka 1985 alirudi, kisha akatumwa Washington kuwa balozi.

Hapo twaweza kusema: balimutosha, balimurudisha, ba... Lakini aliyemsamehe, aliyempandisha na aliyemtuma alikuwa mtu mmoja. Kupanda na kushuka huko kulimfundisha kila kiongozi kwamba cheo si chake.

3. Wabunge kumi na watatu

Wengine hawakurudishwa upesi. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kulaumu utawala wake. Walikamatwa, wakapoteza viti. Mmoja wao, Étienne Tshisekedi, alikuwa ameshiriki kuandika Manifesto ya N’Sele, hati ya msingi ya chama hicho hicho. Mwaka 1982 yeye na wenzake walianzisha UDPS, na wakalipa kwa vifungo na kupelekwa uhamishoni vijijini.

4. La kukumbuka

Sisemi kwamba ba- ni kosa. Mtu aliyeogopa masikio ya jirani aliweza kusema habari yote bila kutaja jina, kiambishi kilimlinda. Lakini kinachomlinda msemaji humlinda pia mtendaji. Sisi tunaokusanya masimulizi ya wazee tusitafsiri balimutosha kwa alitolewa, kisha tukaendelea mbele. Tuulize: hao ba- ni nani?

Zoezi: Chukua simulizi moja la mzee wa mtaani kwako kuhusu miaka ya Zaire. Piga mstari chini ya kila ba- isiyo na mtu wa kutajwa, kisha umwombe msimulizi, kwa heshima, akupe jina.