KIHIFADHI KATIKA VIPODOZI: NGUVU YAKE HUPIMWAJE?

Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya nyanda hizi za Songwe hukausha ngozi mpaka ikapauka, na nyumba nyingi za Tunduma huweka kopo la kupaka mwilini. Mji wetu upo mpakani, uso kwa uso na Nakonde ya Zambia, kwa hiyo madukani twaona losheni na krimu za kila namna. Mnunuzi hutazama bei, rangi na harufu. Ni wachache wanaouliza jambo hili: kopo likisha kufunguliwa, na vidole vya watu wa nyumba nzima vikaingia humo kila asubuhi, ni kitu gani kinachowazuia bakteria wasizaane ndani yake? Jibu ni kihifadhi. Katika somo hili tutaona jinsi wataalamu wanavyokijaribu kihifadhi, na jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kuiharibu kazi yake.

Maji ndiyo mlango

Kwanza yafaa tutofautishe vitu viwili. Mafuta ya mgando yaliyotokana na petroli hayana maji, na bakteria hawawezi kuzaana pasipo maji. Losheni na krimu si hivyo. Hizo ni mafuta na maji yaliyochanganywa, na mara nyingi maji ndiyo yaliyo mengi zaidi. Basi bakteria humkuta humo kila wanachokitaka: maji, chakula na joto la wastani. Hapo mtengenezaji hana budi kutia kihifadhi, kama vile parabeni au fenoksiethanoli. Hutiwa kidogo sana. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, fenoksiethanoli haipaswi kuzidi gramu 1 katika kila gramu 100 za kipodozi.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini wasitie kiasi kilekile katika kila krimu, kazi ikaisha? Sababu ni kwamba bakteria huishi katika sehemu ya maji, lakini parabeni hupenda kukimbilia sehemu ya mafuta. Kiasi kinachotosha katika losheni nyepesi chaweza kupungukiwa katika krimu nzito. Kadhalika benzoeti ya sodiamu hufanya kazi vizuri katika kitu chenye uchachu tu. Kwa hiyo kukisia hakufai. Ni lazima kila kipodozi kijaribiwe chenyewe.

Madhara yaliyokwisha kuonekana

Jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1966 W. C. Noble na J. A. Savin waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza habari za krimu ya dawa ya ngozi iliyoingiwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Mwaka 1977, huko Marekani, L. A. Wilson na D. G. Ahearn walieleza habari za watu waliopata vidonda katika kioo cha jicho kutokana na wanja wa kope uliochafuliwa na bakteria huyohuyo. Ngozi nzima humzuia kwa kawaida. Lakini akipata jeraha la moto, au mkwaruzo mdogo wa jicho, aweza kuleta msiba mkubwa, hata upofu.

Jinsi jaribio linavyofanywa

Kanuni moja inayofuatwa katika nchi nyingi ni ISO 11930, iliyotolewa kwanza mwaka 2012. Maana yake ni nyepesi: mtie adui ndani kwa makusudi, kisha uhesabu waliobaki hai.

Vijidudu vitano huchaguliwa. Bakteria ni watatu: Pseudomonas aeruginosa, apendaye mahali penye majimaji, Staphylococcus aureus, anayekaa puani na katika ngozi za watu, na Escherichia coli, atokaye matumboni. Wa nne ni Candida albicans, kuvu aliye wa jamii ya hamira. Wa tano ni ukungu uitwao Aspergillus brasiliensis. Kila mmoja hutiwa katika sampuli yake peke yake. Bakteria hutiwa kati ya 100,000 na 1,000,000 katika kila gramu. Sampuli huwekwa mahali penye joto la kadiri ya nyuzi 20 hadi 25, kisha huhesabiwa siku ya 7, ya 14 na ya 28.

Hapa pana mtego. Ukichukua krimu na kuipaka moja kwa moja juu ya sahani ya kuoteshea, kihifadhi nacho kitaingia katika sahani na kuendelea kuwazuia bakteria. Sahani itaonekana safi, nawe utadhani wamekufa, kumbe wapo hai, wamefungwa tu. Ndiyo maana krimu huchanganywa kwanza na vitu vinavyokivunja nguvu kihifadhi, kama vile lesithini na polisobeti. Maabara isiyofanya hivyo yaweza kuisifu krimu mbaya.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme krimu mbili zimetiwa bakteria 500,000 katika kila gramu. Siku ya 7 twachukua gramu 1 ya krimu ya kwanza, twaichanganya na mililita 9 za kimiminiko cha kuvunja nguvu, kisha mililita 1 ya mchanganyiko huo twaimwaga katika sahani. Yakaota makundi 42. Kila kundi twalihesabu kuwa limetokana na bakteria mmoja aliye hai. Kwa kuwa tulizimua mara 10, waliobaki ni 420 katika gramu. Kwa logi, 5.70 kutoa 2.62 ni 3.08.

Krimu ya pili tuliizimua mara 100, nayo ikaotesha makundi 42 vilevile. Basi waliobaki ni 4,200, na kwa logi upungufu ni 2.08 tu.

Kigezo kilicho kikali cha kanuni hiyo chataka bakteria wapungue kwa logi 3, yaani mara 1,000, kufikia siku ya 7, tena wasiongezeke siku ya 14 wala ya 28. Krimu ya kwanza imepita siku ya 7; ya pili haikupita. Lakini tazama: katika krimu ya pili wamekufa zaidi ya 99 katika kila 100! Mbona isikubaliwe? Kwa sababu bakteria huzaana kwa kugawanyika. Hao 4,200 wakijigawa mara 7 tu watakuwa 537,600, zaidi ya wale walioanza.

Jaribio la kufanya shuleni

Kuotesha bakteria wa krimu shuleni au nyumbani ni hatari, wala wanafunzi wasijaribu. Lakini twaweza kujifunza kwa hamira ya maandazi na chumvi. Chukua chupa tatu. Katika kila moja tia mililita 200 za maji ya uvuguvugu, vijiko vidogo 2 vya sukari na kijiko kidogo 1 cha hamira. Ya kwanza usiitie chumvi. Ya pili itie kijiko kidogo 1, na ya tatu vijiko vikubwa 2. Fungia puto mdomoni mwa kila chupa, kisha upime ukubwa wa maputo kila baada ya nusu saa. Mwisho chukua kijiko kidogo 1 kutoka chupa ya tatu, ukitie katika maji mapya ya sukari yasiyo na chumvi, na uangalie mpaka kesho yake. Mapovu yakitoka, hamira haikuwa imekufa; ilizuiwa tu. Huo ndio mtego wa sahani safi tulioutaja.

Yatupasayo

Jaribio la maabara hukihusu kipodozi kama kilivyotoka kiwandani. Anayeongeza maji katika losheni ili iwe nyingi amekizimua kihifadhi. Anayechota kutoka ndoo kubwa kwa mkono na kujaza vichupa vilivyotumika ameingiza bakteria wengi wapya. Na mkorogo, yaani krimu mbili tatu zilizochanganywa, haukupimwa na mtu yeyote. Tena mwingine una zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu. Mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lakini mkaguzi hawezi kukaa ndani ya kila nyumba.

Basi, wazazi na wanafunzi, tunawe mikono kabla ya kuchota, tufunge kopo vizuri, na tusiazimane wanja. Tuitazame ile picha ndogo ya kopo lililo wazi: 12M maana yake litumike kwa miezi 12 tangu kufunguliwa. Krimu iliyobadilika harufu, rangi au uzito itupwe, hasa ikiwa ni ya mtoto mchanga. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Maswali

1. Kwa nini mafuta ya mgando hayahitaji kihifadhi kama losheni?
2. Krimu ilitiwa bakteria 800,000 katika gramu. Siku ya 7 wamebaki 1,600. Je, imetimiza kigezo cha siku hiyo?
3. Eleza kwa nini sahani safi pekee si ushahidi kwamba bakteria wamekufa.