VIDONGE VYA UZAZI NA VIPELE VYA USO: TUJUE TUNACHOMEZA



Somo la mara hii halitoki katika daftari. Ni juu ya jambo ambalo dada zetu wanalisema polepole kule nyuma ya darasa, kiisha mwalimu akiingia wananyamaza: kumeza vidonge vya kupanga uzazi kwa muda mrefu, si kwa kuzuia mimba, bali kwa kuondoa mabutoni ya uso. Sisi viongozi wa wanafunzi tumeulizwa mara nyingi kama dawa hiyo inasaidia kweli, ao ni maneno ya wauzaji tu. Tumeona afadhali tuandike yote mahali pamoja.

Inasaidia kweli. Lakini si kila plakete, si kwa kila mtu, na si kwa namna wengi wanavyoimeza.

Tuanze na vipele vyenyewe. Chini ya ngozi ya uso kuna tezi ndogondogo zinazotoa mafuta. Mtoto anapoanza kukomaa, mwili wake unatengeneza homoni za aina ya kiume, testosteroni na ndugu zake. Wasichana pia wanazo, ila kidogo. Homoni hizo zinaamuru tezi zitoe mafuta mengi. Mafuta yanachanganyika na ngozi iliyokufa, tundu linaziba, vijidudu vinazaana ndani, na asubuhi ya siku ya picha ya darasa unaamka na kipele chekundu puani. Basi si uchafu, wala si tamaa ya mwili kama watu wengine wa mtaa wanavyocheka. Kusugua uso kwa sabuni ya kufulia kunaongeza maumivu tu.

Kidonge kinaingia wapi? Kile chenye homoni mbili, estrojeni na progestojeni, kinafanya ovari zipunguze homoni za kiume. Tena kinafanya ini litengeneze kwa wingi protini inayokamata testosteroni ndani ya damu. Testosteroni iliyokamatwa haiwezi kuamuru ngozi, na mafuta yanapungua. Huko Marekani, serikali ilikubali mara ya kwanza mwaka 1997 kwamba kidonge cha namna hii kitumiwe pia kwa kutibu vipele.

Haraka lakini haipo. Baada ya miezi 3 ndipo mtu anaanza kuona tofauti, na matokeo kamili yanaweza kungoja mpaka miezi 6. Akiacha, mara nyingi vipele vinarudi. Ndiyo maana anayeanza anajikuta anaendelea mwaka, miaka miwili, mitatu.

Sasa angalieni majina. Microgynon ina homoni mbili. Microlut ina moja tu, progestojeni. Kwa macho ni vidonge vidogo vyote, na dada anayemwambia mwenzake “niletee vile vya uzazi” hajui atapewa kipi. Vile vya homoni moja, pamoja na sindano ya miezi 3, havitibu uso. Kwa watu wengine vinaleta vipele vipya. Na katika plakete ya Microgynon Fe kuna vidonge 21 vya homoni na 7 vya mwisho ambavyo ni chuma tu. Kugawana nusu plakete na rafiki ni kumpa pengine chuma.

Tufike kwenye hatari, maana hapo ndipo maneno ya uongo ni mengi.

Hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya mshipa, hasa wa mguu, kiisha bonge hilo kupanda mpaka kwenye mapafu. Ufaransa walikuwa na dawa inayoitwa Diane 35, iliyoruhusiwa kwa kutibu vipele, lakini wanawake wengi walikuwa wakiimeza kwa kuzuia mimba. Mwezi wa kwanza 2013 wakubwa wa dawa wa huko walitangaza vifo 4 katika miaka 25 vilivyotokana nayo, na mwezi wa tano wakasimamisha kuuza. Wakubwa wa dawa wa Ulaya nzima walichunguza, wakasema inaweza kubaki kwa wale ambao dawa nyingine zimewashinda. Mwaka 2014 ikarudi Ufaransa.

Hesabu zao ni hizi. Kati ya wanawake 10,000 wasiomeza kidonge, karibu 2 kwa mwaka wanapata ugonjwa huo. Kwa vidonge vya aina ya Microgynon ni 5 mpaka 7. Kwa aina ya Diane 35 ni 9 mpaka 12. Mimba yenyewe inaleta hatari kupita hiyo. Basi ni jambo la nadra, lakini si la kuchezea.

Na hapa kuna kitu ambacho wengi wetu hatukukifikiri. Tunaogopa neno “muda mrefu”. Kumbe hatari ya damu kuganda iko juu zaidi katika mwaka wa kwanza, na inapanda tena kila mara mtu akirudilia baada ya kuacha wiki 4 ao zaidi. Sasa tazameni namna tunavyoishi. Dada anameza wakati wa masomo. Mwezi wa saba vakansi inafika, anaogopa mama ataona plakete chini ya godoro, anaacha. Mwezi wa tisa anarudi shuleni, vipele vimerudi, anaanza upya. Anajisifu ya kwamba anapumzisha mwili. Kwa kweli kila mwaka anajirudisha mwanzo, pale penye hatari.

Na kwa nini anaficha? Kwa sababu yetu. Imekwisha kutokea plakete ikaanguka toka mfuko wa mwenzetu, na kabla ya saa sita jina lake lilikuwa limefika Birere. Hakuna aliyemwuliza anatibu nini. Kwa maoni yetu, ulimi wa namna hiyo unaumiza kupita kidonge chenyewe, kwa maana msichana aliyeaibishwa haendi kwa muganga. Anakwenda kununua kimyakimya mahali ambapo hakuna anayempima.

Kupimwa ndiyo kazi. Tansio inapimwa kwa dakika chache, iwe Hospitali ya CBCA Virunga, iwe kituo kidogo cha mtaani. Mwenye tansio ya juu, mwenye ugonjwa wa ini, aliyewahi kuganda damu, ao mwenye kichwa cha upande mmoja kinachoanza kwa kuona vimulimuli, asimeze kidonge cha homoni mbili. Anayekunywa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini amwambie muganga, kwani zinaharibu nguvu ya kidonge. Na anayemeza tayari, akivimba mguu mmoja na kuuma, akibanwa na pumzi ao kuumwa kifua kwa ghafula, aende hospitali siku ileile na aseme anameza nini.

Juu ya kufunga uzazi: hapana. Akiacha, uzazi unarudi. Juu ya kansa, jibu lina pande mbili: kansa ya ovari na ya mji wa mimba zinapungua; ya titi inaongezeka kidogo wakati wa kumeza, na ya shingo ya mji wa mimba vilevile kwa waliomeza miaka 5 na zaidi. Tena kidonge hakizuii ukimwi.

Kaka zetu wameuliza kama nao wanaweza kumeza. Wasijaribu, estrojeni itawaotesha matiti! Kwao, na kwa dada ambaye kidonge hakimfai, kuna pomada ya peroksidi ya benzoili, na kwa vipele vikali muganga anaweza kuongeza doksisiklini kwa miezi 3 hivi, isipokuwa kwa mwenye mimba. Pomada za kung'arisha zenye kortizoni ziacheni, zenyewe zinaotesha vipele. Ile ya benzoili inapakwa kidogo jioni, baada ya kunawa uso kwa sabuni laini. Inafuta rangi ya nguo, basi tandikeni kitambaa cheupe juu ya mto.