Maji ya Moto Bila Tangi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Hita ya Shawa

Somo la robo hii linahusu hita ya shawa, ile isiyo na tangi, ambayo hupasha maji papo hapo yanapopita. Kamati zinazojenga au kukarabati nyumba za watumishi na nyumba za wageni huiweka kwenye bajeti, hasa sehemu za baridi kama Njombe na Makete. Huko ombi la maji ya moto si anasa. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku mwezi Julai hana muda wa kuwasha kuni ili aoge.

Kifaa chenyewe ni cha bei nafuu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mfadhili huona bei ya hita dukani, anatoa fedha hiyo, na kamati inapokea hita bila senti ya waya. Fundi anaambiwa "tumia zilizopo". Zilizopo ni nyaya za taa.

Tuanze na jinsi kinavyofanya kazi. Hita ya tangi la lita 50 yenye kilowati 1.5 inaweza kuchukua kama saa moja na nusu kupasha maji yake kutoka nyuzi 15 hadi 55. Haina haraka. Hita isiyo na tangi hupewa sekunde chache tu: maji yanaingia baridi, yanapita kwenye koili, yanatoka moto. Kwa hiyo ni lazima ivute umeme mwingi kwa mkupuo. Kama maji ya bomba yana nyuzi 15 na unataka kuoga kwa nyuzi 38, hita ya kilowati 5.5 itakupa karibu lita 3.4 kwa dakika. Hayo ni maji membamba, lakini yanatosha kuoga. Ukifungua bomba zaidi, yatatoka mengi na yatakuwa vuguvugu. Hita si mbovu. Ndivyo hesabu ilivyo.

Sasa tuangalie nyaya. Kilowati 5.5 kwa umeme wa volti 230 ni karibu ampea 24. Plagi ya kawaida ya pini tatu imetengenezwa kwa ampea 13. Hita hii haichomekwi kwenye soketi, wala haiungwi kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la breka hadi bafuni, usiopungua milimita 4 za mraba, na bora 6 ikiwa umbali ni mrefu. Iwe na breka yake, kwa kawaida ya ampea 32, pamoja na swichi inayokata nyaya zote mbili, iwekwe nje ya bafu au mahali pasipofikiwa na maji. Waya mwembamba hupata joto ndani ya ukuta na dari, mahali asipouona mtu, na nyumba nyingi za zamani zina dari za mbao. Breka ikikatika mara kwa mara, dawa si kuweka kubwa zaidi. Breka inalinda waya, na waya haujanenepa.

Vijijini kuna jambo jingine. Nyumba ikiwa mbali na transfoma, volti zinaweza kushuka jioni watu wanapopika na kuwasha taa. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, hita ya kilowati 5.5 inabaki na nguvu ya karibu 3.7, yaani imepoteza theluthi. Kabla ya kununua, fundi apime volti jioni, si saa nne asubuhi.

Tunaomba wanakamati wasome kwa makini zaidi sehemu hii ya waya wa ethi. Katika hita nyingi za bei nafuu koili iko wazi ndani ya maji, na maji yanayogusa koili ndiyo yanayomwangukia mtu kichwani. Waya wa kijani, au wa kijani na njano, ndio unaoupeleka umeme uliovuja ardhini badala ya kupita mwilini. Kuna mafundi wanaoukata na kuuacha ukining'inia kwa kuwa "hita inawaka bila huo". Ni kweli inawaka. Wengine huuunga na waya wa nyutro pale pale kwenye hita, jambo ambalo ni baya zaidi: nyutro ikikatika popote njiani, umeme unaweza kurudi kwenye maji na kwenye mabomba ya chuma. Ethi iende hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini, na fundi aipime kwa kifaa mbele ya mwanakamati. Juu ya hiyo iwekwe breka inayohisi umeme unaovuja, ya miliampea 30. Kwa kuwa koili iliyo wazi inaweza kuikatisha breka hiyo mara kwa mara, hasa pale maji ya kisima yana chumvi, tunashauri kununua hita ambayo koili yake imefunikwa. Ni ghali kidogo. Nyumba isipokuwa na ethi ya kuaminika, ndoo ya maji ya moto ni bora kuliko hita yoyote.

Kwa hosteli ushauri wetu ni tofauti. Bafu sita zikitumika pamoja asubuhi ni kilowati 33, karibu ampea 143, mzigo ambao swichi kuu ya ampea 60 haiwezi kuubeba. Jenereta ndogo ya zahanati nayo haitaweza hata hita moja. Wanaohudumia wanafunzi wengi wafikirie mitambo ya jua ya kupasha maji juu ya paa.

Upande wa maji, tangi lazima liwe juu ya shawa vya kutosha, kadiri kijitabu cha hita kinavyoagiza, la sivyo swichi ya ndani haitawaka. Siku ya kufunga, maji yapitishwe kwanza hadi yatoke mfululizo, ndipo breka iwashwe. Koili ikipata umeme bila maji huungua mara moja. Kitufe cha baridi, vuguvugu na moto kibadilishwe bomba likiwa limefungwa.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na EWURA na kwa Kenya na EPRA. Katika ombi la fedha, andikeni hita, waya, breka mbili, swichi, fimbo ya ethi na ufundi kila kimoja kwenye mstari wake, msivifiche chini ya "gharama nyingine". Wafadhili nao, mkipokea taarifa yenye picha ya shawa inayotoa mvuke, ombeni pia picha ya boksi la breka likiwa wazi na karatasi ya vipimo vya ethi yenye sahihi ya fundi.