Mgeni Akikuuliza Habari za Milima

Somo la vikundi vya nyumbani
Someni: Yoshua 4:1-7 na 19-24, Walawi 23:39-43, Waebrania 13:1-2



Shule zinapofungwa, nyumba nyingi za mtaa wetu hujaa wageni. Wengi wetu tulioko Same si wazaliwa wa Upare. Tumeletwa na kazi: ualimu, uuguzi, mahakama, biashara. Wengine tumetoka Ugogo, wengine Tanga, wengine Ngara. Ndugu zetu hutufuata kututazama, na siku hizi baadhi yao hutoka mbali zaidi, Uingereza au Marekani, pamoja na watoto waliozaliwa huko. Wakishapumzika siku mbili, husema, "Tupelekeni tuione nchi." Basi tunafunga mizigo, tunaazima mahema, na mwisho wa juma tunapanda milimani.

Jambo hilo ni jema. Lakini mwenyeji anayetembeza wageni ni mwalimu, apende asipende, na mwalimu huulizwa maswali.

1. Mawe ya Gilgali

Waisraeli walipovuka Yordani, Mungu aliagiza watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila, wachukue mawe kutoka katikati ya mto. Yoshua akayasimamisha Gilgali. Sababu yake imeelezwa waziwazi: siku moja watoto watauliza mawe yale yana maana gani, na wazazi sharti wawe na jibu.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, watu hao walikuwa wageni katika nchi ile. Walikuwa wamefika siku hiyohiyo, na tayari walipewa wajibu wa kujua maana ya mahali. Pili, jibu halikuwa sifa ya ushujaa wao. Lilikuwa habari ya mambo aliyoyatenda Mungu, hata watu walipokuwa na hofu.

2. Swali la mtoto kule Mbaga

Sisi tuandikao somo hili tulijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka juzi alikuja mama yetu kutoka Dodoma, na ndugu yetu akaja kutoka Uingereza pamoja na mkewe na watoto wawili. Tuliwapeleka Mbaga, katika milima ya Upare Kusini. Mzee mmoja alituruhusu kupiga mahema uwanjani pake, na mama akapewa kitanda ndani. Jioni Mzee akatuongoza mpaka kwenye jiwe kubwa liitwalo Malameni.

Mtoto mdogo, mwenye miaka tisa, akauliza jiwe lile ni la nini. Tulikuwa tumesikia habari zake, lakini hatukutaka kuiharibu safari. Tukajibu upesi, "Ni jiwe tu, njoo tupige picha." Mzee akainama, hakusema neno.

Usiku, tukiwa tunaota moto, mtoto akamwendea Mzee mwenyewe. "Babu, lile jiwe ni jiwe tu?" Mzee akatutazama sisi kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa, kisha akamweleza. Wazee husimulia kwamba zamani watoto walitolewa kafara pale ili kutuliza mizimu, na kwamba desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1930. Mtoto akauliza, "Na mama zao?" Mzee akajibu, "Walirudi nyumbani mikono mitupu, mjukuu wangu. Ndiyo maana sisi hatucheki pale."

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukulijua. Hukohuko Mbaga yako mapango ya Mghimbi, ambako watu walijificha pamoja na watoto wao wakati wa misako ya watumwa katika karne ya 19. Milima ileile iliyoona watoto wakitolewa iliona pia watoto wakifichwa wasichukuliwe. Asubuhi mtoto hakutaka kuondoka kabla ya kuyaona mapango.

Tulidhani tunamlinda mtoto, kumbe tulikuwa tunajilinda wenyewe na jibu gumu. Wala tusiwadharau Wapare kwa habari hii. Nabii Mika, sura ya 6, anaonyesha kwamba hata Israeli waliwaza kumtoa mzaliwa wa kwanza kwa ajili ya dhambi zao, na Mungu akawaambia anataka haki, rehema na unyenyekevu. Kila kabila lina jiwe lake la namna hiyo, na sisi tuliotoka kwingine tuna letu.

3. Mawe mengine ya kujua

Tukitembeza wageni, tuwe na majibu machache ya kweli. Tunataja manne.

(a) Ndiva. Milima huzuia mawingu yatokayo Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua hunyesha juu, na huku Same tunabaki na ukavu. Tangu zamani Wapare walijenga mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi hufunguliwa yakapita katika mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Mgeni akiona ukuta wa ndiva, mwambie: hapa watu walijifunza kugawana kidogo walichonacho.

(b) Mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka hapa Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Walikaa kwa miezi, bila kupigana. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao walisimama kuwadai wakubwa wa serikali jibu. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria Mpare, aliandika kitabu juu ya habari hiyo, kikatoka mwaka 1971. Ndugu zetu hupita mjini hapa wakidhani ni mahali pa basi kusimama tu. Kumbe hapa watu walilala nje kwa ajili ya haki.

(c) Shengena. Hiki ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, karibu mita 2,460, ndani ya msitu wa Chome. Katika milima hii ya kusini yuko ndege mdogo mwenye mzingo mweupe kuzunguka macho, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mungu aliona vema kumweka hapa tu.

(d) Mkomazi. Pori hili lilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1951, na Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Wageni hufurahi kusikia habari za faru weusi walioletwa kutoka Afrika Kusini tangu 1997. Tuwaambie pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliokuwa wakiishi humo na kulisha ng'ombe wao waliondolewa. Pale tunapopumzika sisi siku mbili palikuwa kwao. Kulijua hilo hakutukatazi kufurahi, ila kunatufundisha kukanyaga kwa adabu.

4. Vibanda, na siku ya Bwana

Mungu aliwaagiza Israeli wakae katika vibanda siku saba kila mwaka, wazee kwa watoto, ili vizazi vijue kwamba baba zao walikaa hivyo walipotoka Misri. Kulala hemani basi kunaweza kuwa shule. Anayelala chini hukumbuka kwamba yeye ni msafiri.

Lakini kuna ugumu ambao nyumba nyingi za hapa zinaujua. Kanisa la Waadventista Wasabato lilianza kazi yake ya kwanza katika nchi hii huko Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, na leo wengi wetu tuna wakwe na mashemeji Waadventista. Wao hushika Jumamosi, sisi Jumapili. Mwisho wa juma wa siku mbili huweza kuleta ugomvi, au watu wote wakaziacha siku zote mbili.

Katika safari yetu mke wa ndugu yetu ni Mwadventista. Tulifanya hivi. Chakula tulinunua Alhamisi. Ijumaa kabla jua halijatua mahema yalikuwa yamesimama na makande yameiva. Jumamosi hatukununua kitu wala kuwasha gari, tukatembea kwa miguu na kusoma Zaburi pamoja. Jumapili tuliamka gizani tukateremka, tukafika kanisani kabla ya wimbo wa kwanza, na shemeji akaja akaketi pamoja nasi. Haikuwa rahisi, lakini hakuna aliyedharauliwa.

Tunaongeza mashauri machache. Ombeni ruhusa kwa wenyeji kabla ya kupiga hema. Msikate kuni msituni. Chukueni mablanketi, maana juu kuna baridi, na chai ya tangawizi ya milimani itawasaidia. Semeni habari za fedha mapema, kwa kuwa ndugu mwenye pasipoti ya nje kwa kawaida hutozwa kiwango cha wageni langoni mwa hifadhi, na aibu ya langoni huharibu siku nzima. Na mzee akiwaongoza, mpeni shukrani yake, na muda wa kusema.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Mungu alitaka watoto waulize, badala ya kuambiwa tu?
2. Je, iko habari ya mahali petu tunayoificha wageni wakija? Kwa nini?
3. Ni mzee gani jirani yako ambaye hujamwuliza bado habari za mahali hapa? Utakwenda lini?
4. Ndugu wa madhehebu mengine akikaa kwako, utaiheshimuje siku yake bila kuiacha yako?

Tuombe

Ee Mungu, uliyeiweka milima na kuwaita watu wakae chini yake, utupe macho ya kuiona nchi uliyotuleta, na ujasiri wa kusema kweli juu yake. Uwalinde ndugu zetu wanaosafiri kuja kwetu. Uwakumbuke mama wote waliorudi nyumbani mikono mitupu. Na wageni wetu watakapoondoka, waondoke wakijua kwamba hata hapa ulikuwapo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.