Lengo la Kusoma Riwaya za Tafsiri

Swali: Mwaka huu nataka kusoma riwaya zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nijiwekee lengo la vitabu vingapi?

Jibu: Vinne vinatosha, ndugu yangu. Ukijipangia vingi utaishia kukimbiza kurasa. Afadhali uhesabu nchi. Anza Senegal na Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ: Ramatoulaye, akiwa kwenye eda, anamwandikia shoga yake Aissatou kuhusu marehemu mumewe, aliyemwolea mke wa pili, rafiki wa binti yao. Hiyo usiiharakishe hata kidogo. Kisha Nigeria, Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, lazima iwemo. Cha nne chagua mwenyewe. Jina la kila mfasiri liandike daftarini. Akikupendeza, tafuta kazi zake nyingine.